Matatizo ya afya wakati wa ujauzito: ya kushughulikia nyumbani, na yanayotaka kliniki siku hiyo hiyo

Kichefuchefu, uchovu, kichwa kuuma, miguu kuvimba. Karibu kila mwanamke aliyewahi kubeba mimba anayajua baadhi ya haya, na karibu kila jirani ana jibu lile lile: "Ni mimba tu, mama, itapita." Mara nyingi jirani yuko sahihi. Lakini malaria, upungufu wa damu na presha ya mimba nazo huweza kuanza kwa dalili hizo hizo, na hapo ndipo watu huchelewa kwenda hospitali.

Makala hii ni kwa ajili ya familia zinazoishi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania, pamoja na wenyeji wa vijiji vya jirani. Mengi yaliyomo yanawafaa pia walioko Uganda au Kenya, ila kuhusu dawa ya kukinga malaria fuata utaratibu wa kliniki ya mahali ulipo.

Jambo la kwanza: anza kliniki mapema, mara tu unapojua una mimba. Usisubiri tumbo lionekane. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito akutane na mhudumu wa afya angalau mara 8 kabla ya kujifungua, mara ya kwanza ikiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo. Ukichelewa, bado nenda. Kadi yako ya kliniki itunze kama unavyotunza kadi ya mgao, kwa sababu mhudumu atakayekupokea usiku bila kukufahamu ataisoma hiyo.

Kutapika na kiungulia

Kichefuchefu huanza kabla ya mwezi wa pili kuisha, na kwa wanawake wengi hupungua kufikia mwezi wa nne. Kula kidogo kidogo mara nyingi kuliko kula sahani moja kubwa. Asubuhi, kabla hujainuka kitandani, tafuna kitu kikavu: kipande cha muhogo, kiazi kilichobaki jana, mkate kama upo. Chai ya tangawizi husaidia. Harufu ya mafuta yanayochemka huwasumbua wengi, hivyo si deko mama akiomba mtu mwingine apike kwa wiki chache.

Ukitapika kila unachokula na kunywa kwa siku nzima, mkojo ukawa mchache na mweusi, au ukaona kizunguzungu ukisimama, nenda kliniki siku hiyo. Na ukitapika huku mwili una joto, usiseme ni mimba. Kigoma ina malaria nyingi. Kapime.

Kiungulia huja zaidi miezi ya mwisho. Punguza mafuta na pilipili, usilale mara baada ya kula, na inua kichwa unapolala kwa kukunja blanketi chini ya mto. Kulamba magadi au majivu si tiba. Kliniki inaweza kukupa dawa ya kutuliza asidi, ila usiimeze pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Acha nafasi ya saa mbili kati yake, la sivyo vile vidonge havitafanya kazi vizuri.

Upungufu wa damu

Hili ndilo tatizo ambalo, kwa maoni yetu, linapewa uzito mdogo kuliko linavyostahili, kwa sababu halina maumivu. Mama anachoka, anahema akipanda kilima kidogo, moyo unakwenda mbio, viganja na ndani ya kope vinapauka. Anadhani ni kazi nyingi. Siku ya kujifungua anapoteza damu ambayo mwanamke mwingine angeimudu, naye hana akiba.

Hospitalini watakutoa tone la damu kidoleni kupima wingi wa damu. Kwa mjamzito, chini ya 11 ni upungufu. Chini ya 7 ni hatari na huhitaji matibabu ya haraka. Uliza namba yako. Ni haki yako kuijua, na ukiijua utaweza kuona kama inapanda au inashuka.

Vidonge vya kuongeza damu hutolewa kliniki na humezwa kila siku, hata ukijisikia mzima. Wengi huviacha kwa sababu mbili: vinaleta kichefuchefu, na choo kinakuwa cheusi. Choo cheusi ni cha kawaida kwa anayemeza vidonge hivi, si damu iliyooza kama inavyosemwa mitaani. Kwa kichefuchefu, vimeze usiku baada ya chakula. Chungwa, pera au papai huusaidia mwili kunyonya madini ya chuma. Chai na kahawa huzuia, kwa hiyo zinywe saa moja au zaidi kabla au baada ya vidonge. Viweke mbali na watoto. Mtoto mdogo akimeza vidonge vingi vya damu anaweza kufa.

Chakula ni suala gumu zaidi. Mgao umepunguzwa mara kadhaa miaka ya karibuni, na kumwambia mama ale nyama kila siku ni kumdhihaki. Yanayowezekana ni haya: maharagwe, lengalenga, matembele, sombe iliyopikwa ikaiva vizuri, na dagaa, ambazo wengine huziita ndagala. Kiganja kimoja cha dagaa kikisagwa na kuchanganywa kwenye mboga ya familia, sehemu ya mama ipakuliwe kwanza. Ukiandikishwa mapema kliniki, uliza kuhusu unga wa lishe wa wajawazito. Unga huo ukigawanywa kwa watoto watano, mama hapati kitu; tunaelewa kwa nini hutokea, lakini baba na bibi wa nyumba wajue kwamba ule ni wa mama.

Kuhusu pemba, yaani udongo: hamu ya kula udongo mara nyingi yenyewe ni dalili ya kupungukiwa madini ya chuma. Udongo hauongezi damu. Huzuia chakula kunyonywa vizuri na unaweza kubeba mayai ya minyoo. Usione haya kumwambia nesi. Baada ya miezi mitatu ya mwanzo utapewa pia dawa ya minyoo, kwa sababu aina fulani za minyoo hunyonya damu.

Malaria

Mjamzito hupata malaria kwa urahisi kuliko alivyokuwa kabla, na vimelea hujificha kwenye kondo la nyuma. Mama anaweza asiwe na homa kali huku mtoto ananyimwa chakula tumboni. Matokeo yake ni mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, au mama kuishiwa damu.

Kinga ni mbili, na zote zinahitajika. Chandarua chenye dawa hutolewa kliniki katika hudhurio la kwanza. Lala ndani yake kila usiku, hata wakati wa kiangazi. Ya pili ni vidonge vya SP. Huanza wiki ya 13 na hurudiwa katika mahudhurio yanayofuata, kila dozi ikiachana na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi, mpaka kujifungua. Dozi ni vidonge 3 vinavyomezwa kwa pamoja mbele ya mhudumu. Lengo ni dozi 3 au zaidi katika mimba moja. Unaweza kumeza hata kama hujala. Kuna mama ambao hasa hawatakiwi kumeza SP: wanaotumia septrini kila siku kwa sababu ya VVU, kwa kuwa septrini tayari inawakinga. Mwambie mhudumu faraghani.

Ukipata homa, baridi, au viungo kuuma, SP haitoshi kuwa tiba. Nenda ukapimwe siku hiyo, upewe dawa inayofaa umri wa mimba yako, na umalize dozi yote hata homa ikishuka.

Mkojo, choo na majimaji ukeni

Kukojoa mara kwa mara ni kawaida. Mkojo unaochoma, wenye damu, au unaokuja na homa na maumivu ya kiuno ni maambukizi, UTI kama tunavyoyaita. Yasipotibiwa hupanda kwenye figo na yanaweza kuanzisha uchungu kabla ya wakati. Kuna wanawake wanaoacha kunywa maji jioni kwa sababu choo kiko mbali na njia ni giza. Sababu hiyo ni ya kweli, ila kubana mkojo na kukaa na kiu huongeza tatizo. Afadhali kuwa na kopo au ndoo yenye mfuniko ndani ya nyumba usiku, na kuimwaga chooni asubuhi.

Choo kigumu hupunguzwa na maji mengi, maharagwe, mboga za majani na papai. Bawasiri nayo hutulia choo kikilainika.

Majimaji meupe yasiyonuka wala kuwasha ni ya kawaida. Yakiwa na harufu, rangi ya njano au kijani, au yakiwasha, nenda kliniki pamoja na mume ikiwezekana, maana kumtibu mmoja mara nyingine hakutoshi. Vipimo vya kaswende na VVU hufanyika mwanzoni mwa mimba. Kaswende hutibika, na matibabu ya VVU humkinga mtoto.

Kuvimba na kichwa kuuma

Miguu inayovimba jioni na kupungua asubuhi si jambo la kuogopa. Inua miguu unapopumzika, na lala kwa ubavu.

Uso na mikono kuvimba ni jambo jingine. Fikiria mama mwenye mimba ya miezi minane anayeamka na kichwa kinachogonga, macho yakiona ukungu au vimulimuli, na maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu. Akinywa panado na kulala, anaweza kuamkia kwenye degedege. Hiyo ndiyo presha ya mimba inayoishia kuwa kifafa cha mimba. Hutokea baada ya wiki ya 20, na inaweza kutokea hata siku kadhaa baada ya kujifungua. Inapoonekana kwa mara ya kwanza, familia nyingine hudhani ni mapepo na kuanza na maombi au mganga. Anayetaka kuomba na aombe akiwa njiani kwenda hospitali. Huko kuna sindano ya kuzuia degedege na dawa za kushusha presha, na kila saa ina maana.

Presha huweza kupanda bila dalili yoyote. Hivyo kila hudhurio hakikisha umepimwa na namba imeandikwa kwenye kadi. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, usiondoke bila kuelezwa kinachofuata.

Mgongo, kuni na maji

Mgongo huuma kwa sababu tumbo linavuta mwili mbele. Ndoo ya lita 20 kichwani na mzigo wa kuni havisaidii. Beba kidogo kidogo, na ninyi wanaume na vijana wa nyumbani, kisima mnakijua kilipo. Maumivu ya mgongo yanayokuja na kuondoka kwa vipindi kabla ya miezi tisa yanaweza kuwa uchungu wa mapema.

Dawa za dukani na za miti

Kwa maumivu, paracetamol ndiyo salama zaidi: kidonge 1 au 2 vya miligramu 500, visizidi 8 ndani ya saa 24, na kwa siku chache tu. Diklofenaki na ibuprofen, ambazo maduka huuza bila kuuliza, zinaweza kudhuru figo na moyo wa mtoto, hasa kuanzia nusu ya pili ya mimba. Doksisaiklini na tetrasaiklini usitumie. Kila unaponunua dawa, sema kwanza kwamba una mimba, hata kama tumbo halijaonekana.

Dawa za miti za kuharakisha uchungu ni hatari kwa sababu hakuna anayejua kipimo chake. Tumbo la uzazi linaweza kubana kupita kiasi likapasuka. Kama bibi au shangazi amekupa na umekwisha kunywa, mwambie mkunga. Anahitaji kujua ili akusaidie.

Nenda hospitali mara moja, usiku au mchana

Damu kutoka ukeni, hata kama ni kidogo. Degedege au kupoteza fahamu. Kichwa kuuma sana au kuona ukungu. Homa. Maumivu makali ya tumbo. Kuhema kwa shida. Maji kutoka kabla ya uchungu. Na mtoto kuacha kucheza au kucheza kidogo kuliko kawaida yake baada ya miezi saba, usingoje kesho.

Mengi ya haya hutokea usiku, na usiku ndio wakati ambapo maamuzi hukwama: mume yuko mbali, mama mkwe anasema tungoje kukuche, simu haina chaji. Kaeni mapema mkubaliane nani ana ruhusa ya kusema "twende" baba asipokuwepo. Tunashauri awe mama mwenyewe. Mjue mhudumu wa afya wa jamii wa mtaa wenu anaishi nyumba gani, mwenye pikipiki au baiskeli ni nani, na nani atabaki na watoto. Namba ya gari la wagonjwa iandikwe nyuma ya kadi ya kliniki.

Kwa wanaoishi kambini: usipoteze muda kutafuta kibali cha kutoka. Nenda kwanza kwenye kituo cha afya cha kambi. Ikihitajika hospitali ya nje, rufaa huandikwa na kupangwa na kituo hicho. Beba kadi ya kliniki, kitenge safi, nguo za mtoto, na kama inawezekana, ndugu wawili walio tayari kutoa damu.