Uteuzi wa sampuli na upangaji wa data katika jedwali la marudio

MTAFITI aghalabu hawezi kumfikia kila mtu anayehusika na swali lake. Fedha huwa haba, muda mfupi na baadhi ya maeneo hayafikiki kwa urahisi. Kwa sababu hiyo huteua sampuli, yaani sehemu ndogo ya kundi lengwa inayowawakilisha hata wale ambao hawakuhojiwa. Sensa ndiyo hudhamiria kumhesabu kila mtu. Ile ya Kenya ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 47,564,296.

Hata hivyo, ukubwa wa sampuli si dhamana ya usahihi. Mnamo 1936, jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi za kura ya maoni kwa watu wapatao milioni 10, na zaidi ya milioni mbili wakajibu. Jarida hilo lilitabiri kuwa Alf Landon angembwaga Rais Franklin Roosevelt. Kinyume chake, Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa katika orodha za wenye simu na magari, ilhali uchumi ulikuwa umedorora na maskini hawakuwa na vitu hivyo. Fauka ya hayo, wengi walioandikiwa hawakujibu. George Gallup, aliyetumia sampuli ndogo kwa mbali, alimbashiri mshindi.

Mbinu kuu za uteuzi

Sampuli nasibu: Kila mmoja ana nafasi sawa ya kuteuliwa, mathalani kwa kupiga kura ya vikaratasi vilivyochanganywa vyema.

Sampuli ya mpangilio: Mtafiti huanza mahali palipoteuliwa kwa bahati, kisha huchukua kila wa 10 au wa 20 katika orodha.

Sampuli ya matabaka: Kundi hugawanywa kwanza, tuseme mijini na mashambani, kisha watu huteuliwa katika kila tabaka.

Sampuli ya vishada: Huteuliwa vijiji au mitaa mizima, halafu kaya za humo zikahojiwa.

Sampuli ya urahisi: Huhojiwa yeyote aliye karibu. Ni nafuu, lakini matokeo yake hayafai kujumlishwa kwa umma wote.

Mbinu hizi huweza kuunganishwa. Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya nchini Kenya wa 2022 uligawa kaunti 47 katika matabaka 92 ya mijini na mashambani, kwani Nairobi na Mombasa zilihesabiwa kuwa za mijini pekee. Kisha vishada 1,692 viliteuliwa, na kaya 25 katika kila kishada, jumla ikiwa kaya 42,300.

Jedwali la marudio

Data zikishakusanywa huwa vurugu tupu hadi zipangwe. Tuseme kamati ya chakula cha msaada katika kijiji chenye kaya 400 imehoji kila kaya ya 20, na kupata idadi hizi za watu katika kaya 20:

3, 5, 4, 6, 2, 4, 5, 4, 7, 3, 4, 5, 6, 4, 3, 5, 4, 2, 5, 4

Kila idadi huandikwa mara moja, kutoka ndogo hadi kubwa, na kandoni mwake huandikwa mara ilizojitokeza:

Watu 2: kaya 2
Watu 3: kaya 3
Watu 4: kaya 7
Watu 5: kaya 5
Watu 6: kaya 2
Watu 7: kaya 1
Jumla: kaya 20

Jumla ya marudio sharti ilingane na idadi ya kaya zilizohojiwa. Isipolingana, kuna kosa la kuhesabu. Idadi iliyojirudia zaidi ni 4. Ukizidisha kila idadi kwa marudio yake na kujumlisha, unapata watu 85, yaani wastani wa 4.25 kwa kaya. Kwa kaya 400, makadirio ni watu 1,700.

Lau kamati ingehoji vyumba vya kupanga sokoni pekee, wanakoishi wapangaji wawili wawili, ingeagiza chakula cha watu 800. Watu 900 wangelala njaa, na hesabu ingeonekana safi kabisa kwenye karatasi. Jedwali hupanga kile kilichokusanywa tu; haliwezi kurekebisha sampuli iliyoteuliwa vibaya.