Mtandao wa gigabiti unapokwenda polepole: namna ya kutafuta kasoro kati ya kompyuta za nyumbani



Jioni moja nyumbani kwetu tulitaka kuhamisha gigabaiti 60 kutoka kompyuta ya zamani hadi kompyuta mpya: picha za familia, video za arusi, na masomo tuliyorekodi kwa miaka mingi. Diski ya kompyuta ya zamani ilikuwa imeanza kutoa mlio mbaya, nasi tuliogopa itakufa pamoja na vyote vilivyomo. Kompyuta zote mbili zilikuwa na kadi za gigabiti, na swichi iliyoziunganisha vilevile. Lakini kioo kilituonyesha megabaiti 11 tu kwa sekunde. Kwa mwendo huo kazi ingechukua karibu saa moja na nusu. Umeme ulikatika kabla hatujafika nusu.

Tulikuwa tayari kutafuta pesa za swichi nyingine. Kumbe kasoro ilikuwa katika waya mmoja wa mita mbili. Kwa hiyo tumeona vema kuandika hapa hatua za kufuata, ili mwingine asipoteze pesa wala kumbukumbu zake. Neno kuu ni hili: pima kwanza, nunua baadaye.

Biti na baiti

Tuanze na jambo linalochanganya wengi. Kasi ya mtandao inahesabiwa kwa biti, lakini ukubwa wa faili unahesabiwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Gigabiti 1 kwa sekunde ni megabiti 1000, yaani megabaiti 125. Sehemu ndogo ya nafasi hiyo inachukuliwa na anwani na alama zinazolinda data njiani. Kwa sababu hiyo, faili kubwa inapita kwa megabaiti 110 hadi 118 kwa sekunde. Ukiona namba hiyo, mtandao wako ni mzima.

Tujue pia kwamba kifurushi cha intaneti hakihusiki hapa. Data inatoka kompyuta moja hadi nyingine ndani ya nyumba, hata siku ambayo hatujalipa intaneti.

Namba inaonyesha kasoro iko wapi

Nakili faili moja kubwa, kwa mfano video ya gigabaiti 2 au zaidi, kisha tazama kasi inayobaki baada ya sekunde chache za mwanzo.

- Megabaiti 11 au 12: mtandao umeshuka hadi megabiti 100. Shaka ya kwanza ni waya, ya pili ni swichi au ruta.
- Megabaiti 30 hadi 40: mara nyingi data inapita kwenye USB 2.0, ama kupitia diski ya nje, ama kupitia kadi ya mtandao inayochomekwa kwenye USB.
- Megabaiti 60 hadi 100: mtandao waweza kuwa mzima, na diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka ndiyo imefika mwisho wa nguvu zake.
- Kasi inayopanda na kushuka, au iliyo chini ya megabaiti 5: tafuta Wi-Fi, faili ndogo nyingi, au waya unaopoteza data.

Hatua ya kwanza: uliza kompyuta imekubaliana kasi gani

Waya unapochomekwa, vifaa vya pande mbili vinapatana vyenyewe juu ya kasi. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, kisha bonyeza mara mbili alama ya mtandao wa waya. Dirisha litakuonyesha 1,0 Gbps au 100 Mbps. Kwenye Linux, amri ya ethtool ikifuatwa na jina la kadi inatoa jibu hilohilo. Fanya hivyo kwenye kompyuta zote mbili, kwa kuwa upande mmoja ukishuka, safari nzima imeshuka.

Ukikuta mtu amewahi kulazimisha kasi kwa mkono katika mipangilio ya kadi, rudisha kwenye hali ya kujipatanisha. Gigabiti kwenye waya wa shaba inahitaji mapatano hayo. Tena upande mmoja ukilazimishwa na mwingine ukiachwa huru, data inagongana na mwendo unakuwa mbaya sana.

Hatua ya pili: waya

Ndani ya waya wa mtandao kuna nyuzi 8, yaani jozi 4. Kasi ya megabiti 100 inatumia jozi 2 tu, zile za nafasi ya 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inatumia jozi zote 4. Ndiyo maana uzi mmoja wa kahawia au wa buluu ukikatika, mtandao hauzimiki: unashuka hadi 100 na kuendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Kasoro ya namna hii inajificha miezi mingi.

Jaribu waya mwingine unaojua ni mzima kabla ya kugusa kitu kingine. Tazama maandishi juu ya ganda la waya: yaonyeshe Cat 5e au Cat 6. Urefu wote usipite mita 100. Angalia kama waya umekanyagwa na mguu wa meza, umebanwa na mlango au umetafunwa na panya. Kama vichwa vilifungwa kwa mkono, mpangilio unaotumika sana ni huu: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, buluu, mweupe-buluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Pande zote mbili zifanane. Asiyejua akipanga rangi kwa kubahatisha, anatenganisha nyuzi za jozi moja, na hapo hata waya mpya unapoteza data. Jihadharini pia na nyaya za bei ya chini sana: nyingine ni aluminiamu iliyopakwa shaba, nazo zinavunjika upesi zikikunjwa.

Hatua ya tatu: kifaa cha katikati

Ruta nyingi za bei nafuu zina matundu ya megabiti 100 tu, hata kama Wi-Fi yake inasifiwa kwenye kasha. Soma chini ya kifaa au katika kitabu chake. Njia nyepesi ya kuhakikisha ni kuunganisha kompyuta mbili moja kwa moja kwa waya mmoja. Kadi za gigabiti zinajipanga zenyewe bila waya wa pekee. Zikifika 1 Gbps hivyo, lakini zikashuka zikipitia ruta, basi ruta ndiyo kizuizi. Wakati wa kupima, zima Wi-Fi kwenye kompyuta zote mbili, data isipite njia hiyo bila wewe kujua.

Hatua ya nne: pima mtandao bila diski

Programu ya bure iitwayo iperf3 inatuma data kutoka kumbukumbu ya kompyuta moja hadi nyingine, bila kugusa diski. Kwenye ya kwanza andika iperf3 -s. Kwenye ya pili andika iperf3 -c na anwani ya ile ya kwanza. Ukipata megabiti 930 au 940 hivi kwa sekunde, acha kulaumu waya na swichi. Kasoro iko kwenye diski, kwenye programu ya kuzuia virusi inayokagua kila faili, au katika faili zenyewe. Picha ndogo elfu kumi zinachelewa kuliko video moja yenye uzito uleule, kwa sababu kila faili inafunguliwa na kufungwa peke yake. Zikusanye kwanza katika faili moja ya zip ikiwa diski ina afya.

Diski ikiwa mgonjwa

Hapa tunaomba mwangalifu awe mwangalifu zaidi. Kama diski inalia, usiitumie kufanyia majaribio. Nakili kwanza yale yasiyoweza kupatikana tena, hata kwa mwendo wa polepole, kisha tafuta kasoro. Kukagua waya na kutumia iperf3 hakuichoshi diski. Kunakili faili ileile mara tano kunaichosha.

Sisi tulipobadilisha ule waya wa mita mbili, kadi ilionyesha 1,0 Gbps mara moja. Faili zilipita kwa megabaiti 70 na kitu, ambayo ndiyo nguvu ya diski ile ya zamani, na kazi ikaisha kwa karibu robo saa, jenereta ikiwa bado inanguruma. Wiki chache baadaye diski ile haikuamka tena. Ule waya mbovu tuliukata katikati, ili mtu asije akauokota na kuutumia.