Kwa nini moto wa bastola hauonekani kwenye picha? Hii hapa namna ya kuunasa

Wengi wanaojaribu kupiga picha ya bastola ikifyatuliwa kwenye uwanja wa shabaha huambulia picha ya mtu kashika bastola, basi. Moto haumo. Mwako ule hudumu milisekunde chache tu, wakati kufumba na kufumbua jicho huchukua zaidi ya milisekunde 100.

Moto unatoka wapi?
Risasi ikitoka mtutuni, nyuma yake hufuata gesi yenye joto kali na baruti ambayo haijaungua yote. Vikikutana na hewa ya nje, vinawaka. Mtutu ukiwa mfupi, baruti hukosa muda wa kuungua ndani, hivyo moto wa nje huwa mkubwa. Risasi zenye nguvu, kama .357 Magnum ya mwaka 1935 na .44 Magnum ya 1955, hutoa mwako mkubwa zaidi.

Rivolva ina moto sehemu mbili
Kati ya silinda inayobeba risasi na mtutu kuna mwanya mwembamba, chini ya milimita 1. Gesi hupenya hapo pia. Ndiyo maana picha nzuri ya rivolva hupigwa kutoka ubavuni: moto unaonekana mbele na pembeni kwa pamoja.

Kubonyeza mfululizo hakusaidii sana
Kamera inayopiga picha 10 kwa sekunde, kila moja ikiwa wazi kwa 1/500 ya sekunde, inaona milisekunde 20 tu kati ya 1,000. Muda uliobaki imefumba.

Kinachofanya kazi
Subiri jioni au tumia banda lenye mwanga hafifu, ila shabaha ionekane. Weka kamera kwenye stendi, lenga fokasi mapema, kisha acha shata wazi kwa nusu sekunde hadi sekunde 1. Moto utajichora wenyewe. ISO 400 na f/8 ni mahali pazuri pa kuanzia. Picha ikiwa nyeupe mno, punguza.

Kwa simu, rekodi video ya mwendo wa taratibu ya fremu 240 kwa sekunde, kisha chagua fremu yenye moto.

Wataalamu hutumia kifaa kinachowashwa na sauti. Harold Edgerton wa MIT alitumia mlio wa bunduki kuwasha taa yake alipopiga picha maarufu ya risasi ikipenya tufaha, mwaka 1964.

Usalama kwanza
Gesi ya ule mwanya inaweza kuchoma na kukata vidole, na vipande vidogo vya risasi huruka pembeni. Mpiga picha akae nyuma ya mstari wa kufyatulia, mita kadhaa kutoka kwa mpigaji. Vaa miwani na vizuia sauti, maana mlio hupita desibeli 140. Amri ya kufyatua hutoka kwa msimamizi wa uwanja, siyo kwa mwenye kamera.