Mapigano ya Mwaka 1964 Katika Mashariki ya Kongo

Mtu anayeandika habari za Kanisa katika Kivu hawezi kuuruka mwaka 1964. Wazee wetu wauita wakati wa Mulele, ingawa Pierre Mulele mwenyewe alianza uasi wake mbali, kule Kwilu. Huku kwetu walioongoza ni Gaston Soumialot na Jenerali Nicolas Olenga, na wapiganaji wao waliitwa Simba.

Chanzo cha vita chajulikana. Uhuru ulipatikana tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Patrice Lumumba akauawa mwezi wa kwanza 1961. Kisha wakulima na vijana wakaona kwamba wakubwa wachache wamerithi nyumba na mishahara ya Wazungu, na wao wenyewe wamebaki na jembe. Kwa hiyo neno la «uhuru wa pili» liliwaingia moyoni.

Moto uliwaka kwanza kwa Bafulero wa bonde la Ruzizi. Tarehe 15 mwezi wa tano 1964 Uvira ikatekwa. Albertville, Kalemie ya leo, ikafuata mwezi wa sita, Kindu mwezi wa saba, na Stanleyville, ndiyo Kisangani, tarehe 5 mwezi wa nane. Simba wengi walishika mikuki na mapanga tu. Lakini waganga waliwanyunyizia maji ya dawa, wakiwaahidi kwamba risasi zitageuka maji kwa yule ashikaye miiko. Askari wa serikali nao waliiogopa dawa ile. Mara nyingi walitupa silaha na kukimbia kabla ya kupigana. Hivi miji mikubwa ilianguka kwa hofu kuliko kwa nguvu ya bunduki.

Zamani za Mobutu sifa zote zilipewa daraja la Kamanyola, na jina lake likapewa divizioni ya jeshi. Walakini pigano lililogeuza vita katika Kivu ni lile la Bukavu. Tarehe 19 mwezi wa nane Olenga aliushambulia mji. Koloneli Léonard Mulamba alikataa kukimbia. Askari wake wakasimama, watu wa mwami Kabare wakawasaidia, na ndege za serikali zikapiga kutoka juu. Mapigano yaliendelea siku tatu, mpaka Simba wakarudi nyuma na kuacha maiti wengi barabarani. Siku zile kila mtu aliona kwamba risasi hazikugeuka maji.

Tangu hapo waasi walizidi kupoteza. Albertville ilirudishwa mwisho wa mwezi ule, Uvira mwezi wa kumi, Kindu mwanzo wa mwezi wa kumi na moja. Katika safu za jeshi walikuwamo askari Wazungu wa kukodiwa. Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja maparakomando wa Ubelgiji walishuka Stanleyville kutoka ndege za Marekani, ili kuwaokoa Wazungu waliofungwa kama rehani.

Lakini kila mji ulipobadili bwana, wasio na silaha ndio waliolipa. Simba waliwaua maelfu ya Wakongomani, hasa makarani, walimu na watu wa serikali. Jeshi na wale wa kukodiwa waliporudi, wakawaua wengine wengi kwa kuwadhania tu kuwa waasi. Tarehe 28, siku nne baada ya Stanleyville, Padri Luigi Carrara na Bruder Vittorio Faccin waliuawa Baraka. Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert waliuawa Fizi. Tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili Sista Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro. Huyu alitangazwa mwenye heri Kinshasa mwaka 1985, na wale wanne Uvira mwaka 2024.

Majina ya hao Kanisa limeyaandika. Ya wakatekista, akina mama na watoto waliokufa porini au mlangoni mwa nyumba zao, mengi hayajaandikwa mahali popote. Waliokuwa watoto mwaka ule ni wazee leo, na kila mwaka tunawazika baadhi yao. Vijana wa jubile hii, waendeeni wazee hao, waulizeni kwa heshima, mkaandike kila jina wanalolikumbuka, bila kuuliza kwanza marehemu aliuawa na upande gani.