Shehena ya Setilaiti

Aliyekulia pwani hahitaji kufundishwa tofauti baina ya farumi na shehena: farumi ni mawe au mchanga utiwao tumboni mwa jahazi lisipate kwenda mrama, wala haina nauli, ama shehena ni zile boriti na tende ambazo kwa ajili yake nahodha alitweka tanga. Neno hili la pili ndilo nilionalo kuwa tafsiri halali ya kile ambacho wahandisi wa Kiingereza hukiita mzigo ulipao, wala siwaafiki waandikao “mzigo wa malipo”, maneno ambayo msomaji atayadhania kuwa ni mali iliyoletwa kulipia deni.

Katika setilaiti ya mawasiliano, mbao za jua, betri, mafuta na mitambo ya kuielekeza ni chombo; antena na mitambo ipokeayo mawimbi, ikayakuza, ikayabadili masafa na kuyarudisha ardhini, ndiyo shehena. Mhakiki atasema kuwa shehena sharti ipakuliwe bandarini, na hii haipakuliwi abadani. Hoja hiyo ina nguvu. Walakini jina lenyewe limetokana na nauli, si na kushuka.

Ndege MH370, iliyochukua watu 239 kutoka Kuala Lumpur kwenda Beijing, ilipotoweka kwenye rada tarehe 8 Machi 2014, shehena ya setilaiti ya kampuni ya Inmarsat iliyo juu ya Bahari ya Hindi, kimo cha kilomita 36,000 hivi, iliendelea kupokea maitikio ya ndege hiyo hata saa 2 na dakika 19 asubuhi, kwa saa za Malaysia. Haikupakiwa kwa kazi ya kuandama ndege, bali kupitisha sauti na maandishi. Illa kwa kupima muda wa kwenda na kurudi kwa kila itikio, waledi walijua umbali wa ndege kutoka setilaiti, wakachora duara baharini wasiweze kutia nukta. Mwaka 2016 kipande cha bawa la ndege hiyo kiliokotwa Pemba.

Shehena iliyokusudiwa kazi hiyo ya kuandama ndege ilikuja kati ya Januari 2017 na Januari 2019, zilipopaishwa setilaiti 75 za kampuni ya Iridium, kila moja na kipokezi cha kampuni ya Aireon kisikilizacho ndege zikijitangaza zilipo, hata katikati ya bahari isikofika rada. Kipokezi hicho si mali ya mwenye chombo. Kimepewa nafasi kwa nauli. Naona kiitwe shehena mgeni, ijapokuwa mgeni huyu haondoki mpaka chombo chenyewe kife.