Ali na Marciano: Pambano lililoamuliwa na kompyuta

Je, nani angeshinda lau Muhammad Ali angekutana ulingoni na Rocky Marciano, kila mmoja akiwa katika kilele chake?

Marciano alistaafu mwaka 1956 akiwa bingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu. Alishinda mapambano yake yote 49, kati ya hayo 43 kwa nokauti. Ali alilitwaa taji hilo mwaka 1964, miaka minane baadaye.

Mwaka 1967, Murray Woroner, mtayarishaji wa vipindi vya redio wa Miami, aliikabidhi kompyuta kazi ya kuwapambanisha mabingwa wa zama mbalimbali. Marciano aliibuka mshindi. Ali alitolewa na Jim Jeffries, bingwa wa mwanzoni mwa karne ya 20, naye akaenda mahakamani kudai fidia.

Shauri hilo lilimalizwa kwa mapatano: Ali na Marciano wapigane mbele ya kamera. Mwaka 1969 Marciano, mwenye umri wa miaka 45, alipunguza uzito na kuvaa nywele za bandia. Miisho kadhaa ilirekodiwa, na wote wawili hawakuambiwa nani angeshinda.

Marciano hakuyaona matokeo. Alifariki katika ajali ya ndege tarehe 31 Agosti mwaka huo. Filamu ilipoonyeshwa Januari 1970, Marciano alishinda katika raundi ya 13. Baadhi ya watazamaji wa Ulaya walionyeshwa mwisho mwingine, ambamo Ali ndiye mshindi.

Ugumu wa kulinganisha

Kikwazo cha kwanza ni sheria. Mwaka 1952 Marciano alikuwa nyuma kwa pointi za majaji wote watatu alipomwangusha Jersey Joe Walcott katika raundi ya 13 na kutwaa ubingwa. Siku hizi mapambano ya ubingwa huishia raundi ya 12. Kwa kanuni hiyo, angeshindwa.

Cha pili ni maumbile. Marciano alikuwa na takriban kilo 85, ambazo hazifikii uzito wa juu wa leo. Ali alimzidi kimo kwa sentimita zipatazo 12.

Cha tatu ni kwamba hesabu haibashiri ubunifu. Joe Frazier na Ken Norton waliwahi kumshinda Ali, na George Foreman aliwaangusha wote wawili, kila mmoja katika raundi ya pili. Kwa hesabu hiyo, Ali hakuwa na nafasi. Lakini mjini Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, aliegemea kamba, akamwacha Foreman arushe makonde hadi akachoka, kisha akamwangusha katika raundi ya nane.

Ali yupi?

Kwa Ali mwenyewe, suala hili halikuwa mabishano ya barazani tu. Wakati wa kurekodi filamu alikuwa amepokonywa taji na kunyimwa leseni, baada ya kukataa mwaka 1967 kujiunga na jeshi wakati wa vita vya Vietnam.

Alirejea ulingoni Oktoba 1970, baada ya miaka mitatu na nusu. Alifungiwa akiwa na umri wa miaka 25, akarudi akiwa na 28.

Hivyo basi, anayetaka kumpambanisha Marciano na Ali aliye katika ubora wake anazungumzia bondia ambaye huenda hakuna aliyewahi kumwona.