Misonobari ya Tendaguru

Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa Lindi, hana haja ya kutambulishwa. Wabunge wa Tanzania wamemjadili, na hoja ya kumrudisha kutoka Berlin haiishi. Miti aliyoila, ambayo nayo imeacha alama zake Lindi, haina mtetezi.

Inaeleweka. Mifupa huonekana. Mhandisi wa migodi Bernhard Sattler aliikuta mwaka 1906, na kati ya 1909 na 1913 mamia ya wachimbaji, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, waliifukua. Wapagazi waliibeba kwa miguu siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Mjusi aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937 ana kimo cha zaidi ya mita 13.

Ushahidi mwingi wa misitu ni vumbi. Mwaka 1999 mtafiti Eckart Schrank alitoa taarifa ya chavua iliyofichwa ndani ya miamba ya Tendaguru. Mwamba huyeyushwa kwa asidi kali. Chavua hubaki, kwa kuwa ganda lake haliliwi na asidi. Chembe iliyotia fora inaitwa Classopollis: ya duara, imezungukwa na mfuo kama mkanda, na mara nyingi nne zingali zimegandana tangu zilipotoka kwenye koni.

Iliyoimwaga ni misonobari ya jamii ya Cheirolepidiaceae. Majani yake yalikuwa madogo, yamebana kitawi kama magamba ya mtarakwa, yenye ngozi nene ya kuzuia maji yasipotee. Miti ya namna hiyo iliyamudu maeneo yenye kiangazi kirefu, na Tendaguru ya miaka milioni 150 iliyopita ilikuwa hivyo: pwani yenye matope, huku Afrika ingali imeshikana na Amerika Kusini. Nyasi hazikuwapo.

Leo kwenye kilima cha Tendaguru pana miombo. Podo za Usambara ni misonobari pia, lakini za ukoo mwingine; Cheirolepidiaceae haikuacha hata mche.

Je, majani makavu hivyo yangemshibisha mnyama wa tani nyingi? Watafiti wa Ujerumani walijaribu mwaka 2008, wakavundika majani ya misonobari ya araukaria, ambayo ingali hai, katika maji ya tumbo la kondoo. Mwanzoni yalisuasua. Baada ya siku tatu yalikuwa bado yanatoa nguvu, wakati majani mengine yameshaishiwa. Mjusi hakuwa na meno ya kutafunia. Alikwanyua, akameza, na tumbo kubwa likakaa na mzigo huo likiuchachusha taratibu.